Ernst Engel: mutu mwenye alihesabu chakula cha mufanyakazi



Kila mwisho wa mwezi, mu nyumba zetu kuko hesabu moja yenye hakuna mutu anaiandika. Baba anarudia na mushahara. Mama anaupanga ku meza: hii ya unga, hii ya makala, hii ya mafuta, hii ya kapenta, hii ya kulipa deni ya duka. Kisha anaangalia ni nini inabakia juu ya nyumba, masomo ya watoto na dawa. Mara mingi inabakia kidogo sana. Hesabu ile iko mu kichwa cha mama tu. Na wakati sisi wa sendika tunaingia mu chumba cha mazungumuzo, wakubwa wa kampuni wanafungua kompyuta yenye kujaa namba, na sisi tunafungua mikono mitupu.

Njo maana leo tunapenda kuelezea maisha ya mutu mumoja mwenye alichukua hesabu ya mama wa nyumba na kuifanya kuwa elimu yenye kufundishwa. Jina lake Ernst Engel. Musimuchanganye na Friedrich Engels, rafiki ya Karl Marx. Hao ni watu wawili mbalimbali, hata kama mumoja alizaliwa mwaka wa 1820 na mwengine 1821. Engel wetu hakuandika juu ya mapinduzi. Aliandika juu ya bei ya mukate. Lakini mpaka leo, kila fasi wafanyakazi na wakubwa wanabishana juu ya mushahara, namba zake ziko pale ku meza, hata kama hakuna mwenye anataja jina lake.

Mwanafunzi wa migodi

Engel alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 3 mwaka wa 1821, mu muji wa Dresden, mu ufalme wa Saksonia. Wakati ule Ujerumani haikukuwa inchi moja. Ilikuwa falme mingi zenye kukaa moja pembeni ya ingine, na Saksonia ilikuwa moja kati yao.

Saksonia ni inchi ya migodi. Karibu na muji wa Freiberg watu walianza kuchimba feza nyeupe, ile ya kutengeneza pete na sarafu, tangu karne ya 12. Na kuko jambo moja lenye linatugusa sisi wa Katanga na Lualaba. Mu milima ile, wachimbaji walikuwa wanakutana na jiwe moja lenye liliwasumbua. Walipolichoma halikutoa feza nyeupe, lilitoa moshi wa sumu. Walisema ni pepo wadogo wa chini ya ardhi wenye waliiba madini ya muzuri na kuwaachia ya mubaya. Jina la wale pepo mu Kijerumani ni kobold. Njo fasi neno kobalti lilitokea. Jiwe lenye wachimbaji wa Saksonia walilaani, leo njo lenye watoto wetu wanalipiwa masomo nalo, ao hawalipiwi.

Mwaka wa 1765 walifungua ku Freiberg chuo cha migodi, kimoja cha zamani sana mu dunia. Engel aliingia mule mwaka wa 1842 na akasoma mpaka 1845. Alijifunza namna ya kutafuta madini, kuyachimba na kuyayeyusha. Basi, mutu mwenye tunaelezea hapa alianza kama sisi: mu mambo ya mawe na moto. Mu inchi ile wachimbaji walikuwa pia na desturi ya sanduku ya pamoja, yenye kila mutu alitia kitu kidogo, juu ya kusaidia mugonjwa, mwenye kuumia na mujane. Sisi tunayo likelemba. Wao walikuwa na sanduku ile.

Mwalimu wa Paris na muzee wa Bruxelles

Nyuma ya masomo, Engel alitembea. Alienda mu Ubelgiji, mu Ufaransa na mu Uingereza. Safari ile njo iligeuza maisha yake.

Ku Paris, mu chuo cha migodi cha kule, alikutana na Frédéric Le Play. Le Play alikuwa enjenia na mwalimu wa kuyeyusha madini. Serikali ya Ufaransa ilimutia pia ku kazi ya hesabu za migodi. Lakini kila mara alipokuwa anaenda kuangalia mugodi ao tanuru, alikuwa anauliza swali lenye haliko la enjenia: hawa wafanyakazi wanaishi namna gani? Alikuwa anachagua familia moja, anakaa nayo, anaangalia nyumba, bustani, kuku na nguo, na anaandika kila kitu chenye kuingia na kila kitu chenye kutoka mu mwaka muzima. Hakusahau mboga ya shambani wala zawadi ya mukwe. Mwaka wa 1855 alichapisha kitabu kikubwa juu ya wafanyakazi wa Ulaya, chenye familia 36. Kati yao kuko wachimbaji wa milima ya Harz mu Ujerumani, na wachimbaji wa zebaki wa Idria.

Tuseme ukweli: Le Play hakukuwa mutu wa sendika. Aliamini kama patroni muzuri ni sawa baba, na wafanyakazi ni sawa watoto wake. Sisi hatukubali hilo. Baba anakupa kwa moyo wake. Patroni anakulipa kwa mukataba. Lakini mbinu yake ilikuwa ya kweli, na mbinu ya kweli inaweza kutumika hata na mutu mwenye hakubaliani na mwenye aliileta.

Mu Ubelgiji, Engel alijifunza kwa Adolphe Quetelet, muzaliwa wa Gent, mwenye alikuwa mwangalizi wa nyota ku Bruxelles. Quetelet aliona kama nyota zinafuata sheria, na akajiuliza kama watu nao hawafuati sheria wakati unawahesabu wengi pamoja. Mutu mumoja anaoa wakati anapenda. Lakini hesabu watu elfu mia moja, na utaona kama ndoa za mwaka huu zinafanana sana na za mwaka jana. Vile vile kuzaliwa, vile vile kufa.

Kwa Le Play, Engel alijifunza kuingia mu nyumba moja na kuangalia kila kitu. Kwa Quetelet, alijifunza kukusanya nyumba mingi na kutafuta sheria yenye kuzifunga. Maisha yake yote ni kuunga hayo mambo mawili.

Hesabu ya mwaka wa 1857

Mwaka wa 1850 Engel alipewa biro ya hesabu ya serikali ya Saksonia. Alikuwa na miaka 29. Wakati ule watu wengi wenye elimu walikuwa na woga moja: walisema watu wanaongezeka haraka kuliko chakula, na kwa hiyo njaa haiwezi kuisha. Engel alitaka kujua kama ni kweli kwa inchi yake. Ili ajue, ilimupasa ajue kwanza watu wanakula nini, na wanalipa kiasi gani.

Hakukuwa na namba za kutosha mu Saksonia. Alizipata mu Ubelgiji. Mwaka wa 1853 Quetelet aliita ku Bruxelles mukutano wa watu wa hesabu wa inchi mingi, na mu mukutano ule walisema ni lazima kukusanya hesabu za nyumba za wafanyakazi. Mubelgiji mumoja, Édouard Ducpétiaux, alichapisha hesabu zile mwaka wa 1855. Kulikuwa zaidi ya familia 150, zenye kupangwa mu makundi matatu. Kundi la kwanza, familia zenye haziwezi kuishi bila musaada wa serikali. La pili, familia maskini lakini zenye kujitegemea. La tatu, familia za wafanyakazi zenye kuishi bila shida kubwa.

Namba zilikuwa zimechapishwa, kila mutu aliweza kuzisoma. Engel njo alizikalia na kuuliza swali moja tu: mu kila franka mia moja yenye nyumba inatumia, ngapi zinaenda mu chakula? Jibu lilitoka hivi. Mu kundi la kwanza, karibu 71. Mu kundi la pili, karibu 67. Mu kundi la tatu, karibu 62.

Hapo njo sheria yake ilizaliwa, mwaka wa 1857: kadiri nyumba iko maskini, njo kadiri sehemu ya feza yenye kuenda mu chakula iko kubwa. Mutajiri anakula vizuri kuliko maskini, hiyo kila mutu anajua. Lakini mushahara wake ukiongezeka mara kumi, hawezi kula bukari mara kumi. Tumbo lake liko na mwisho. Feza ingine inaenda mu nyumba ya muzuri, mu masomo, mu safari, mu banki. Kwa maskini, tumbo linakula feza mbele kitu kingine kiguse.

Mama mumoja wa ku soko atasema: hiyo nilijua bila kufika Ulaya. Ni kweli, mama. Lakini wewe ulijua juu ya nyumba yako. Engel alionyesha kama ni sheria ya nyumba zote, na kama inaweza kupimwa. Kitu chenye kimepimwa, mukubwa wa kampuni hawezi tena kukikataa kwa kusema ni malalamiko ya kawaida.

Juu ya nini inatugusa

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme bei ya vyakula imepanda 20 kwa mia, na vitu vingine vimebakia vile vilikuwa. Nyumba ya mukubwa, yenye kutumia 30 kwa mia mu chakula, itahitaji 6 zaidi ju ya kila mia. Nyumba ya muchimbaji, yenye kutumia 70 kwa mia mu chakula, itahitaji 14. Soko ni moja, bei ni moja, lakini ugumu hauko mumoja.

Sasa mukubwa anakuja na karatasi, anasema maisha yamepanda 8 kwa mia, kwa hiyo tunawaongezea 8 kwa mia, tumemaliza. Swali lenye Engel anatufundisha kuuliza ni hili: 8 kwa mia mu kikapo cha nani? Kama mu kikapo mumetia gari, ndege na hoteli, hicho kikapo hakiko chetu. Utuonyeshe kwanza unga iko ngapi mu kikapo chako.

Mwaka uliopita sisi wenyewe tulipotewa na neno hapo. Tulikuwa mu mazungumuzo na kampuni moja. Waliweka namba yao ju ya meza, na sisi tulijua ndani ya roho kama haiko sawa, lakini hatukuwa na karatasi yoyote ya kuijibu. Tulisema maisha ni magumu. Walijibu kwa heshima kama wanaelewa. Tulitia sahihi. Siku ile njo tulianza kutafuta elimu hii.

Mwalimu wa Berlin

Turudie kwa Engel. Mwaka wa 1858 aliacha kazi ya Saksonia nyuma ya mabishano juu ya namna yake ya kufanya kazi. Hakubakia mikono mitupu: alianzisha ku Dresden kampuni ya bima ya mikopo ya nyumba. Lakini mwaka wa 1860 alipata muito mukubwa kuliko: kuongoza biro ya hesabu ya Prusia, ku Berlin. Alikaa mu kiti kile miaka 22.

Kule alifanya kitu chenye kinatufurahisha sana sisi wenye hatukufika mbali na masomo. Aliona kama mu chuo kikubwa vijana wanajifunza maneno mengi juu ya watu, lakini hawajui kuhesabu watu. Na mu biro, makarani wanajua kuhesabu, lakini hawajui juu ya nini wanahesabu. Kwa hiyo mwaka wa 1862 alifungua ndani ya biro yake darasa la pekee. Vijana wenye walimaliza chuo walikuwa wanakuja kusikia masomo, na kisha wanakaa ku meza na karatasi za kweli za serikali, wanazipanga, wanazijumulisha, wanatafuta makosa. Darasa lile lilikuwa mufano kwa watu wengi wa Ulaya.

Kati ya wanafunzi wake kulikuwa kijana mumoja, Lujo Brentano. Mwaka wa 1868 Engel alienda naye mu Uingereza kuangalia hali ya wafanyakazi. Kule Brentano aliona sendika za Waingereza: vyama vyenye hesabu, vyenye sanduku, vyenye kukaa na mapatroni ku meza moja. Alirudi na kuandika kitabu kikubwa juu yao, chenye kilitoka mwaka wa 1871 na 1872. Wakati ule wakubwa wengi mu Ujerumani walifikiri sendika ni kundi la wahalifu. Brentano alionyesha kama sendika ni njia ya mufanyakazi kuuza kazi yake kwa bei ya haki, sawa vile mwenye duka anauza bidhaa yake. Kwa hiyo, wandugu, mu ukoo wa elimu yetu ya sendika, huyu mwalimu wa namba iko babu.

Engel mwenyewe alifikiri sana juu ya mufanyakazi na faida. Mu mwaka wa 1867 alifundisha kama ni vizuri wafanyakazi wapate sehemu ya faida ya kampuni, hapana mushahara tu. Alikuwa pia mu bunge la Prusia kwa miaka michache kuanzia 1867. Na mwaka wa 1872, wakati wasomi walikutana ku Eisenach kusemezana juu ya shida za wafanyakazi, yeye njo alisimama kusema juu ya ukosefu wa nyumba mu miji. Berlin ilikuwa inajaa watu wenye kutafuta kazi, na wenye nyumba walikuwa wanapandisha bei vile wanapenda. Watu wa Kolwezi na Likasi hawahitaji tuwaelezee hali ile.

Kuhesabu watu pia alikubadilisha. Zamani, karani alikuwa anaandika nyumba nzima ku karatasi moja, na mutu mumoja mumoja alikuwa anapotea ndani. Engel alisukuma kama kila mutu apewe kadi yake, hata mutoto muchanga. Ukitaka kujua ni wajane wangapi, unapanga kadi. Ukitaka kujua ni wachimbaji wangapi, unapanga tena kadi zile zile.

Mu mwaka wa 1882 alitoka mu kazi. Afya yake ilikuwa imepunguka, na pia hakukubaliana tena na siasa ya uchumi ya Bismarck, mukubwa wa serikali. Mutu mwenye kazi yake ni kusema namba ya kweli, siku moja atakutana na mukubwa mwenye hapendi namba ile. Hiyo haikuanza leo.

Kipimo cha mutoto na cha baba

Wengine wangelala. Engel alikuwa na miaka 61, akaendelea. Swali moja lilikuwa linamusumbua: namna gani unalinganisha nyumba ya watu wawili na nyumba ya watu sita? Mushahara mumoja, midomo haiko sawa.

Mu mwaka wa 1883 alileta kipimo. Alikiita keti, kwa heshima ya muzee wake Quetelet. Mutoto mwenye kuzaliwa leo ni keti 1. Kila mwaka anaongezewa sehemu moja ya kumi. Musichana anafika 3 wakati ako na miaka 20, na anasimama pale. Kijana mwanaume anafika 3 na nusu wakati ako na miaka 25.

Tujaribu. Nyumba ya kwanza: baba na mama, hawana mutoto. Tatu na nusu, na tatu: jumla 6.5. Nyumba ya pili: baba, mama, mutoto wa miaka 15, wa miaka 10, wa miaka 5, na muchanga. Ni 6.5, na 2.5, na 2, na 1.5, na 1: jumla 13.5. Basi nyumba ya pili inahitaji zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Wachimbaji wawili wenye kushuka pamoja mu mugodi, wenye mushahara mumoja, mumoja anaishi na mwengine anazama. Njo juu ya nini feza ya watoto haiko zawadi ya kampuni. Ni hesabu.

Tunajua wamama watauliza: nani alisema mama anahitaji pungufu ya baba? Mama mwenye kunyonyesha, mwenye kubeba mufuko wa makala, mwenye kulala wa mwisho? Swali ni la haki. Kipimo cha Engel ni cha zamani, na leo wasomi wanatumia vipimo vingine. Lakini wazo limebakia: usigawanye mushahara kwa nyumba, ugawanye kwa midomo.

Mwaka wa 1895, muzee wa miaka 74, alichapisha kazi yake ya mwisho kubwa. Alirudia kwa wafanyakazi wa Ubelgiji, wale wale wenye alianza nao. Alilinganisha hesabu za nyumba za mwaka wa 1853 na zile zenye zilikusanywa mwaka wa 1891, ili kuona maisha yao yalibadilika namna gani. Alikufa karibu na Dresden, tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka wa 1896.

Chenye aliacha, na chenye hakusema

Sheria yake ilivuka bahari. Mwaka wa 1875 Carroll Wright, mwenye kuongoza biro ya hesabu za kazi ku Massachusetts, aliipeleka mu Marekani. Aliongeza ndani maneno juu ya nguo na nyumba yenye Engel hakukuwa amesema. Hata wasomi wanavutaka neno. Miaka mingi kisha, mu miaka ya 1960, Mollie Orshansky, mufanyakazi wa serikali ya Marekani, alitumia wazo lile kupima umaskini: alichukua bei ya chakula cha kutosha cha familia, akaizidisha mara tatu, kwa sababu familia za kule zilikuwa zinatumia karibu sehemu moja ya tatu mu chakula. Nyumba yenye kupata chini ya pale ilihesabiwa maskini.

Lakini tuangalie, wandugu. Kuko mutego, na mukubwa mujanja anaweza kuutumia. Atasema: muchimbaji wetu alikuwa anatumia 70 kwa mia mu chakula, leo anatumia 55, kwa hiyo ametajirika. Hapana. Inawezekana kama bei ya nyumba imepanda, ao shule imeomba feza zaidi, ao mutoto ameingia ku hopitali. Mama amepunguza chakula ili alipe. Wanakula mara moja kwa siku. Sehemu ya chakula imeshuka, lakini ni njaa imeishusha. Mwaka wa 1868, Hermann Schwabe, mukubwa wa hesabu za muji wa Berlin, alionyesha kama nyumba nayo inamumeza maskini kuliko tajiri. Kwa hiyo hesabu ya chakula peke yake haitoshi. Inapaswa kuandika kila kitu: chakula, nyumba, makala, masomo, dawa, teksi, deni. Na kuandika pia ni mara ngapi watu walikula.

Kitabu cha nyumba

Sasa tunafika ku kazi. Mukataba mupya utasemwa, na safari hii hatutaki kuingia na mikono mitupu. Tunaomba familia zenye zitakubali, zichukue daftari moja ya shule. Mu kurasa ya kushoto, kila feza yenye kuingia: mushahara, biashara ndogo ya mama, shamba, feza ya ndugu. Mu kurasa ya kuume, kila feza yenye kutoka, siku kwa siku, hata ya chumvi. Ku mwanzo, andika watu wenye kukaa mu nyumba na miaka yao. Jina la familia lisiandikwe. Delege atatia namba tu, na daftari haitaenda ku kampuni. Jumla peke yake njo itaenda.

Tunajua woga wenye kuko. Baba wengine hawajamuambia mama mushahara wao wa kweli. Daftari itafungua mulango ule. Wandugu, tuseme kama wanaume: namna gani tutaomba kampuni itufungulie hesabu zake, kama sisi mu nyumba tunafunga zetu? Mama njo mwenye kushika hesabu tangu zamani. Le Play alipoingia mu nyumba za wachimbaji wa Harz, na Ducpétiaux alipokusanya karatasi za Wabelgiji, hawangefika mbali bila kumusikiliza mwenye kushika kikapo.

Engel hakuchimba miaka mingi. Lakini alitoka mu chuo cha migodi, akachukua vitu vyenye watu wakubwa waliona kama vidogo, mukate, mafuta ya taa, kuni, na akaonyesha kama ndani yao muko sheria. Wafanyakazi wale wa Ubelgiji, majina yao yalipotea. Hesabu zao zimebakia, na zinasema mpaka leo.

Wale wenye wako tayari waone delege wao mbele ya mwisho wa mwezi. Kalamu tutaleta.